Mkahawa wa Chini ya Jumba

Wapo wanaodhani kikundi chetu kilianza siku ile tulipoandikishwa, miaka 10 iliyopita. Sisi tunasema kilianza zamani, chini ya jumba, mkahawani.

Michenzani ilikuwa mitaa ya Ng'ambo, nyumba za udongo na makuti. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Mzee Karume aliahidi wananchi nyumba bora, zenye umeme na maji ya bomba. Ujerumani ya Mashariki ilisaidia kujenga Kikwajuni. Kisha yakaja majumba yetu ya Michenzani, 10 kwa jumla, kandokando ya njia kuu mbili zinazokatana. Jumba moja hufika kama mita 300! Watu walichanganya zege kwa kujitolea, na wapo waliojitolea kwa kuwa hapakuwa na budi. Mzee Karume akauawa Aprili 1972 majumba hayajamalizika, kazi ikaendelea.

Waliovunjiwa walipewa fleti. Hilo ni jema, tusilikufuru. Lakini mama zetu walizoea ua. Uani unakuna nazi, jirani anakuja kuomba chumvi, habari zote unazipata hapo. Ghorofani ni wewe na ukuta wako. Na maji yakigoma kupanda, ndoo kichwani, na ngazi zile unazijua mwenyewe.

Basi kina mama wakashuka. Mkahawa wetu ulianza na jiko moja la mkaa na birika: asubuhi chai ya maziwa, mandazi na maharage ya nazi, jioni urojo. Wanaume walikuja kwa kahawa na siasa, sisi kwa mambo yetu. Hapo ndipo tulipocheza mchezo, watu 12, Sh. 1,000 kila wiki, pesa zikikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mwenye mkahawa ndiye aliyetushikia.

Katikati ya mchezo mwenzetu akafiwa na mume. Biashara yake ilikuwa kuuza bajia, na yumo eda, hatoki. Zamu yake ilikuwa ya nane, tukampa ya tatu. Wawili walinung'unika wakataka kujitoa. Mwenye mkahawa akawauliza, "Na chai mtakunywa wapi?" Wakabaki.

Yule mfiwa ndiye mshika fedha wetu hadi leo. Kopo analo yeye.