Taya ni moja! Desa lililodumu miaka 1,300

Najua nimepotea wiki mbili nzima, mniwie radhi. Zilikuwa testi za anatomia. Wenzangu wa udaktari wananielewa, na nyie wengine mtuombee tu.

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Jumanne tulikuwa na maswali ya mdomo maabara. Mwalimu akachukua taya la chini, lile tunaloliita mandibula, akaniwekea mkononi. "Haya dokta, hili lina mifupa mingapi?" Mimi nilikuwa nimekesha na desa, lile la kopi ya kopi tulilorithi kwa kaka zetu waliotutangulia, herufi nyingine hata hazisomeki. Desa linasema taya la chini ni nusu mbili zinazoungana kidevuni. Nikajibu kifua mbele, "Miwili, mwalimu."

Akanyamaza kidogo. "Umelishika?"

"Nimelishika, mwalimu."

"Basi nionyeshe hiyo miwili."

Jamani! Nililigeuza juu, nikaligeuza chini, nikatafuta ufa kidevuni kama mtu aliyepoteza funguo. Hakuna. Mfupa mmoja, mzima, mgumu. Wenzangu nyuma wanakohoa kuficha kicheko. Baadaye nikapata desa la mwenzangu ambalo halijakatwa, kumbe kulikuwa na mstari mmoja zaidi: mtoto huzaliwa na nusu mbili, nazo hushikana katika mwaka wake wa kwanza. Kwenye kopi yangu mstari huo mashine iliukata.

Nilirudi bwenini nimenuna. Ila nilipoanza kusoma historia ya mfupa huu nikapata faraja, maana waliodanganywa na desa kuhusu taya si mimi peke yangu. Ni karibu madaktari wote wa dunia yetu ya zamani, kwa zaidi ya miaka 1,300.

Mwenye desa hilo ni Galen. Alizaliwa mwaka 129 huko Pergamum, mji ulio Uturuki ya leo, akatibu wapiganaji wa uwanjani, akafika Roma hadi kuwa tabibu wa wafalme. Aliandika vitabu vingi mno, na kimoja kilisema taya la chini la binadamu ni mifupa miwili. Msimcheke haraka. Enzi zake kupasua maiti ya mtu halikuwa jambo la kufanyika, hivyo alipasua kima, nguruwe na wanyama wengine. Na kwa mnyama kosa hilo ni rahisi. Siku mkienda kunywa supu ya kichwa cha mbuzi, angalieni taya la chini: likishaiva vizuri linaachana katikati, hili kulia, hili kushoto. Kwa mbuzi Galen angepata A. Tena yeye mwenyewe aliwahimiza wanafunzi waende Alexandria wakaone mifupa ya binadamu kwa macho yao. Waliomfuata wakahifadhi vitabu, ushauri wakauacha. Hata Ibn Sina, pamoja na ukubwa wake wote, aliandika kuwa taya la chini ni mifupa miwili.

Sasa twende Misri. Mwaka 1200 mto Nile haukupanda vya kutosha, mashamba yakakauka, ikaja njaa iliyoendelea hadi 1202. Cairo alikuwepo daktari mmoja kutoka Baghdad, Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyezaliwa 1162. Aliandika kitabu kuhusu Misri na ndani yake akaieleza njaa ile. Mengine aliyoyaona sitayarudia hapa, kuna wanaosoma huku wanakula. Watu walikufa hadi wazikaji wakashindwa.

Wakati huo alikuwa na wanafunzi wanaosoma kwake vitabu vya Galen, na anatomia ilikuwa inawagomea. (Mnaona? Hata mwaka 1200!) Maneno matupu hayakutosha. Wakasikia kwamba sehemu iitwayo al-Maqs kuna kilima cha mabaki ya watu. Wakaenda, mwalimu na wanafunzi wake.

Huko ndiko Abd al-Latif alipoangalia taya la chini. Akakuta mfupa mmoja, hauna kiungo wala mshono. Akaangalia jingine, na jingine. Aliandika kwamba walichunguza zaidi ya mafuvu 2,000. Akawaita na watu wengine wachunguze, mbele yake na akiwa hayupo, asije akawa anaona anachotaka kuona. Baadaye akaenda kwenye makaburi ya kale ya Busir. Hoja yake ilikuwa hii: mfupa ukichakaa, hata mshono uliojificha huachia. Lakini taya la chini, hata liwe kongwe namna gani, lilibaki kipande kimoja. Akahitimisha kwamba Galen ni mkubwa, ila macho yanaaminika kuliko Galen.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hakuishia kumkosoa tu. Aliangalia na mfupa ulio chini ya uti wa mgongo, akaukuta mara nyingine kama Galen alivyosema na mara nyingine tofauti, akakiri kuwa hapo hana uhakika kama alionao kwenye taya. Angekuwa anatafuta sifa asingeandika hivyo.

Je, dunia ilimsikia? Wapi! Aliyoyaona yalikaa ndani ya kitabu cha habari za Misri, huku vyuo vikiendelea kufundisha mifupa miwili. Ilipita miaka 340 na ushee hadi Andreas Vesalius, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akifundisha Padua, alipotoa kitabu chake kikubwa mwaka 1543 na kusema tena: taya la mtu mzima ni mfupa mmoja, Galen alikuwa anatueleza wanyama. Naye aliandamwa. Sylvius, aliyemfundisha Paris, alimtetea Galen hadi akadai kwamba miili ya watu ndiyo iliyobadilika tangu zamani. Yaani desa liko sawa, binadamu ndiye aliyekosea!

Mtauliza, moja au mbili ina tofauti gani? Ina tofauti wodini. Taya la chini limepinda kama upinde, na ncha zake mbili zimeshikwa mbele ya masikio, kwenye mfupa wa panja. Kwa kuwa ni kitu kimoja, upande wa kulia hauwezi kutembea bila wa kushoto. Majeruhi wa bodaboda akija amepigwa kidevu upande mmoja, mara nyingi taya limevunjika na upande wa pili, hata karibu na sikio, asikoonyesha. Daktari aliyeelewa mfupa huu hatosheki na ufa mmoja kwenye eksirei, anatafuta wa pili. Asiyeelewa anamrudisha mgonjwa nyumbani na nusu ya matibabu.

Kitu cha mwisho. Yale mafuvu 2,000 yalikuwa watu, wenye majina, waliokufa kwa kukosa mkate. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kutufundisha. Taya nililoshika Jumanne nalo lilitafuna ugali au wali, lilicheka, liliita mtu kwa jina, na mimi nikawa nalo mkononi huku macho yangu yako kwenye karatasi niliyoikariri. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko cha washkaji.

Desa sijalitupa, tusidanganyane, sapu zipo. Ila kesho nakwenda maabara mapema, nishike mfupa kwanza, desa baadaye.

Usiku mwema wapendwa.