Hivi Viazi Si vya Kizungu

Kuna kitu hunikera sana: mtu kuita waru "viazi vya Kizungu". Kizungu gani, jamani? Hadi karne ya 16, hakuna mtu Ulaya aliyekuwa amewahi kuonja kiazi. Lakini wakulima wa milima ya Andes, pande za Ziwa Titicaca kwenye mpaka wa Peru na Bolivia ya leo, walikuwa wamekilima kwa miaka kama 7,000.

Na si kulima tu. Kiazi cha porini ni kichungu na kina sumu. Hawa watu walichagua mbegu msimu baada ya msimu mpaka wakapata maelfu ya aina: vyekundu, vya zambarau, vingine vimepindana kama tangawizi. Usiku waliviacha nje vigande kwa baridi, mchana jua likiwaka wakavikanyaga kwa miguu maji yatoke. Baada ya siku kadhaa vinakauka kabisa. Hiyo ndiyo chuño, na inakaa stoo miaka. Friji ilikuwa bado haijazaliwa, wasee! Wahispania walipovamia Peru mwaka 1532, hawakuchelewa kuona faida. Chuño ikawa chakula cha vibarua waliolazimishwa kuchimba madini ya fedha huko Potosí.

Ulaya yenyewe ilikiogopa kwanza, wengine wakidai ati kinaleta ukoma. Mwaka 1756 mfalme wa Prussia, Frederick wa Pili, ilibidi atoe amri kipandwe.

Shida ni kwamba walibeba kiazi, ule ujuzi wa kupanda aina nyingi wakauacha Andes. Kule Ireland maskini walitegemea karibu aina moja tu, Lumper. Na kwa vile kiazi hupandwa kwa kiazi, shamba zima linakuwa kama mapacha: kinachoua kimoja kinaua vyote. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa unaoozesha majani na viazi vyenyewe. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama. Wakati huohuo meli zilikuwa zinabeba nafaka na mifugo kutoka Ireland kwenda Uingereza. Hiyo sehemu msilaumu kiazi.

Kwetu kililetwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo maana jina likawa hilo. Leo hapa Kenya ni zao la pili la chakula baada ya mahindi. Na tunapanda nini? Shangi, Shangi, Shangi. Naelewa, inakomaa haraka na haimalizi gesi. Lakini ule ugonjwa wa Ireland uko hapa pia, wakulima wanaupigia dawa kila mvua ikinyesha. Kituo cha kimataifa cha viazi kule Lima kimehifadhi maelfu ya aina, na kina ofisi hapahapa Nairobi.

Leo ukinunua chipo mwitu, hebu muulize muuzaji ni viazi aina gani. Nabet atakuambia Shangi.