Land Rover ya Busale ni ya Nani?

Vijana wa gereji wana neno moja wanalolisema kwa dharau: "Hiyo imechanganywa." Maana yake gari si orijino tena, bodi ya huku, injini ya kule, difu ya kwa jirani. Mimi leo nataka kulitetea gari la namna hiyo, tena si kwa huruma, kwa historia. Ndugu msomaji, kama wewe ni wa mjini na magari ya matope umeyaona kwenye kalenda tu, vumilia kidogo. Kutakuwa na vyuma.

Tuanzie mbali. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na shambani humo alitumia jeep ya Kimarekani iliyobaki kutoka vitani. Akaona, kwa nini Rover wasitengeneze ya kwao? Gari la kwanza la majaribio likajengwa juu ya chesisi ya jeep. Chuma cha mabati kilikuwa cha mgao baada ya vita, ndiyo maana bodi ikawa ya aloi ya alumini. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Sasa niambie: chesisi ya Mmarekani, injini ya Rover, bodi ya madini yaliyokuwepo. Huko si kuchanganya? Hao orijino wenyewe walianza kama mafundi wetu wanavyoanza, kwa kile kilichokuwepo.

Likaja kwetu na mabwana shauri na wamisionari. TANU nayo ikapata lake, na Mwalimu Nyerere akazunguka nalo kudai uhuru. Lakini aina ambayo wengi wanaikumbuka ni 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, toleo la Series III, lililotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli ni ya sisi 2,286, na nguvu zake hazifiki farasi 80. Pikipiki kubwa za siku hizi zinaicheka. Ila ndani kuna vishikizo viwili vya rangi. Cha njano ukikibonyeza, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Chekundu ukikirudisha nyuma, gari linaingia gia nzito, linatambaa kama kobe lakini linavuta kama ng'ombe wa plau.

Halafu nchi ikaishiwa. Bei ya mafuta ilikuwa imeshapanda mwaka 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Katikati hapo ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni hakuna, spea hakuna. Wewe uko Kyela, mwisho wa nchi, ziwa mbele na milima nyuma, na gari limevunjika springi. Utafanyaje? Fundi alichukua jani la springi ya lori bovu akalikata. Bushi alizichonga kutoka kwenye tairi lililokwisha. Gasketi, karatasi ngumu na grisi. Vitabu vya uchumi vinaieleza miaka ile kwa mistari inayoshuka. Ukitaka kuigusa kwa mkono, pita chini ya Land Rover ya zamani uhesabu viraka.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na neno likawa "ruksa". Magari ya mitumba ya Kijapani yakaja, na nyuma yake injini za mitumba: Toyota, Nissan, Isuzu. Hapo ndipo ndoa ilipofungwa. Usishangae leo ukifungua boneti ya 109 ukamkuta Mjapani amekaa ndani, anameza dizeli.

Watu hudhani sababu ni kubana matumizi. Ni kweli, dizeli hunywa kidogo. Lakini kwa Busale na bonde zima kuna sababu nyingine: maji. Bonde la Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na maji ya milima ya Rungwe yanateremkia huko huko kwa mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, kuelekea ziwani. Machi na Aprili njia inageuka jaruba. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche. Distributa ikilowa, kwisha habari, gari linazima katikati ya mto. Dizeli haina cheche wala distributa. Inalipuka kwa mgandamizo tu, kwa hiyo mradi isivute maji kwenye pumzi yake, itakwenda.

Na hiyo pumzi ndiyo iliyotuletea mkonga. Jina zuri sana hili, sijui nani alilitunga, lakini alikuwa mshairi. Bomba la hewa linapandishwa pembeni ya kioo hadi usawa wa paa, kama tembo anayevuka mto. Land Cruiser zimepewa jina hilo kabisa, watu husema "mkonga" na wote wanaelewa. Kwenye Land Rover ya zamani fundi hulitengeneza mwenyewe kwa bomba na mpira. Kazi si bomba, kazi ni maungio: tundu dogo la kupitisha maji kijiko kimoja kimoja linatosha kupinda koneksheni rodi, maana maji hayagandamiziki.

Mkonga peke yake ni urembo. Difu likiwa limepata moto, ukaliingiza ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Ukifungua nati kesho yake, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Dawa yake ni mpira mwembamba unaotoka juu ya difu na kupanda hadi ndani ya boneti, ili ekseli ipumulie juu. Gharama yake ni ndogo mno, ndiyo maana wanaopenda kujionyesha hawauweki. Hauonekani! Chini ya nyumba ya klachi nako kuna tundu la kutolea oili inayovuja. Kabla ya mto unaliziba kwa plagi yake, ukishavuka unaitoa.

Kwenu mnaoandika hadithi: acheni kuandika "gari likakwama" mkaishia hapo. Limekwama vipi? Kwenye tope lenye tumbo gumu chini yake, tairi jembamba ndilo zuri, linakata mpaka linagusa ardhi. Kwenye mchanga wa ufukwe wa Matema ni kinyume, unapunguza upepo ili tairi litambae. Anayefunga matairi mapana kwa sababu ni bomba kuyatazama, tope la Busale litamsomesha.

Sasa niseme ubaya, maana kutetea si kusifu tu. Injini mpya ikiwa na nguvu zaidi, shafti za ekseli ya nyuma zilizohesabiwa kwa farasi wale wachache hukatika. Ikiwa nzito zaidi, springi za mbele zinalala na usukani unakuwa mgumu. Na breki? Za 109 ni za ngoma, zikishaingia mto hujaa maji na mchanga. Kutoka Tukuyu kuja Kyela barabara inashuka zaidi ya mita 1,000. Fundi anayeongeza nguvu bila kugusa breki anatengeneza kasheshe, na abiria ndio wanaolipa. Wengine hubadilisha difu nalo, kutoka 4.7 ya asili hadi 3.54, ili gari likimbie lamini. Mimi ningeiacha 4.7. Huna unapokimbilia.

Ila hapa ndipo neno langu linapobanwa, maana lami imekuja kweli. Kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema sasa unateleza kwa gari dogo, na bodaboda wameingia njia zilizobaki. Ni jambo jema. Mama mjamzito hahitaji mkonga, anahitaji barabara. Tunawaambia wajenzi ndaga, asante. Lakini zile Land Rover zinakwenda kwa skrepa. Chesisi inakatwa na kuuzwa kwa kilo. Bodi ya alumini ina soko lake, inayeyushwa na kumiminwa kuwa sufuria. Kule Arusha, Oktoba 2024, Land Rover kwa mamia zilikusanywa barabarani zikashangiliwa, na nyingi ziling'aa. Zilizojaa viraka za kusini hazina sherehe.

Uingereza wana kumbukumbu za Solihull, gari kwa gari, siku lilipotoka kiwandani. Baada ya siku hiyo kitabu kinanyamaza, na miaka arobaini iliyofuata iko kwenye vichwa vya mafundi ambao sasa ni wazee. Wewe mwenye kalamu, ukipita Kyela ukamkuta mmoja ameshika msumeno na 109 imelala kwenye matofali, mwamkie kwanza. Kisha muulize ule mchomeleo chini ya ekseli ya mbele aliuweka mwaka gani, kwa chuma cha gari gani, na nani alikuwa anamsubiri ng'ambo ya mto.