Google ilizaliwa chuoni: je, uvumbuzi ulikuwa wa nani?

Wadau, ukiingia kafe cha kwanza ni Google. Lakini wengi hatujui kwamba ile kazi ilianzia chuoni, na chuo chenyewe kikavuna mapesa.

Larry Page na Sergey Brin walikutana Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1995. Mwaka 1996 wakiwa bado wanafunzi wakaanza kuunda programu ya kutafuta kurasa, wakaiita BackRub. Badala ya kutegemea maneno yaliyomo kwenye ukurasa peke yake, waliangalia pia ni kurasa ngapi nyingine zinauelekezea, na hizo nazo zina uzito gani. Mbinu hiyo ndiyo PageRank.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Kwa kuwa utafiti ulifanyika chuoni, hataza ya PageRank iliandikwa kwa jina la Stanford. Page alitajwa kama mvumbuzi, lakini mwenye mali ni chuo! Google iliposajiliwa kuwa kampuni mwaka 1998, ilibidi ipate leseni ya kuitumia mbinu hiyo. Stanford ikalipwa kwa hisa zipatazo milioni 1.8, na hadi kufikia 2005 ilikuwa imeziuza kwa dola milioni 336 hivi.

Haikuwa bahati tu. Stanford ina ofisi ya leseni tangu 1970. Mtafiti analeta uvumbuzi, ofisi inaombea hataza, kisha inatafuta kampuni ya kuutumia. Kwa utaratibu wake wa miaka mingi, ofisi hukata asilimia 15 ya mapato, zinatolewa gharama, halafu kinachobaki ni mafungu matatu: la mvumbuzi, la idara na la kitivo. Mwaka 1980 sheria ya Bayh-Dole nayo ikaviruhusu vyuo vya Marekani kumiliki uvumbuzi uliotokana na pesa za serikali.

Kwa hiyo, wewe mwenye project ya mwaka wa mwisho, kabla hujaipeleka kwenye kampuni soma kwanza sera ya chuo chako: mali ni ya nani? Na usikimbilie kuianika hadharani, maana kitu kikishajulikana hataza inaweza kukuponyoka. Tanzania Bara maombi yanapelekwa BRELA, Kenya ni KIPI. Programu za kompyuta zenyewe mara nyingi hulindwa kwa hakimiliki.

Mlioko vyuoni, kwenu mgao ukoje? Mwageni maoni hapo chini.