Programu huru ao programu za kampuni: mambo ambayo kila mwenye ordinateri anapashwa kujua

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni Microsoft iliacha kutuma bure masasisho ya usalama ya Windows 10, yale watu wengi wanaita mise à jour. Mtu binafsi aliweza kuongeza mwaka moja kwa kulipa dola 30, ao kwa kuunganisha mashini yake na akaunti ya Microsoft. Kisha hapo, mlango unafungwa.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, habari hiyo si ya mbali. Ordinateri nyingi za masomo, za sekretaria publiki na za mashirika madogo zilinunuliwa mkono wa pili, na nyingi kati yazo haziwezi kupokea Windows 11. Zinawaka kila asubuhi kama kawaida, lakini tundu mpya likionekana, hakuna mtu wa kuliziba. Mwenye mashini anabaki na njia tatu: kununua ingine, kuendelea na hatari, ao kuweka mfumo mwingine kama Linux. Njia ya tatu inarudisha mabishano ya zamani kati ya programu huru na programu za kampuni.

Mfumo wa uendeshaji ni nini?

Ordinateri bila programu ni chuma tu. Programu kubwa yenye kuamka ukibonyeza bouton, yenye kuongoza kioo, clavier, printa na fulashi, ndiyo mfumo wa uendeshaji. Windows ni mfumo. macOS ya Apple ni mfumo. Linux ni mfumo. Juu ya mfumo ndipo zinakaa programu za kazi: ya kuandika barua, ya hesabu, ya kukata sauti, ya kuangalia video.

Programu inaandikwa kwanza na watu, katika lugha yenye mtu anaweza kusoma. Maandishi hayo yanaitwa kode. Kisha yanageuzwa kuwa namba ambazo mashini peke yake inaelewa. Kampuni yenye kuuza programu ya siri inakupa namba tu, kode inabaki kwake. Ni kama kununua sombe iliyokwisha kupikwa: unakula, lakini hujui walitia nini ndani.

Pamoja na programu kunakuja mkataba, ambao unaitwa lisansi. Si ile lisansi ya chuo kikuu. Ni karatasi yenye kusema unaruhusiwa kufanya nini na programu: kuiweka kwenye mashini ngapi, kumpa jirani ao hapana, kuifungua ao hapana. Watu wengi wanabonyeza « nakubali » bila kusoma hata mstari moja.

Huru si bure

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Wenye kusema Kifaransa wanatofautisha « libre » na « gratuit », na Kiswahili nacho kiko na maneno mawili, huru na bure. Programu huru ni ile inayompa mtumiaji ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma kode yake na kuibadilisha, kugawa nakala kwa wengine, na kugawa hata ile nakala aliyoibadilisha. Inaweza kuuzwa, lakini hakuna mwenye kukukataza kumpa rafiki.

WhatsApp haiombi feza, lakini si huru. Hakuna mtu wa inje anayeruhusiwa kufungua programu yote na kuitengeneza vile anataka. Kwa upande mwingine, VLC ya kuangalia video, LibreOffice ya kazi za ofisi na Audacity ya kukata sauti ni programu huru na ni za bure pia. Wanahabari wengi wa radio wanatumia Audacity kila siku, hata wale ambao hawajasikia hata mara moja neno « programu huru ».

Windows iliyokrakiwa nayo si huru. Haikulipiwa, ni kweli, lakini ni mali ya kampuni iliyochukuliwa bila ruhusa. Na yule aliyevunja kufuli yake anaweza kuwa aliacha kitu ndani.

Mabishano yalianza wapi

Katika miaka ya kwanza ya ordinateri, watafiti walikuwa wanapeana kode bila shida. Mwaka 1976, Bill Gates, aliyeanzisha Microsoft pamoja na Paul Allen mwaka 1975, aliandika barua ya wazi kwa wapenda ordinateri wa Marekani. Alilalamika kwamba wengi walikuwa wanatumia programu yake bila kulipa, na akauliza nani atakubali kufanya kazi ya ufundi bila mshahara. Swali hilo lingali ndilo nguzo ya wenye kutetea programu za kampuni.

Jibu lilitoka kwa Richard Stallman, mtaalamu wa chuo kikuu cha MIT. Yeye anaelezea kwamba printa moja ya kazini ilikuwa inakwama, akataka kuitengeneza programu yake, lakini mwenye kode akakataa kumpa. Mwaka 1983 alitangaza mpango GNU, wa kuandika mfumo mzima wenye kuwa huru. Mwaka 1985 akaanzisha shirika la Free Software Foundation, na mwaka 1989 ikatoka lisansi inayoitwa GPL. Lisansi hiyo ina sharti moja kubwa: ukigawa programu yenye ulibadilisha, unapashwa kumwachia mwenzako ruhusa zilezile ulizopewa.

Mfumo wa GNU ulikosa kiini. Mwezi Agosti 1991, mwanafunzi moja wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo kama mchezo tu. Ndicho Linux. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL, na watu wa dunia nzima wakaanza kukijenga pamoja.

Mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini alitoa Ubuntu, aina ya Linux iliyo rahisi kwa mtu wa kawaida. Jina hilo halihitaji mtafsiri hapa kwetu: ni utu. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa OpenOffice katika Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice. Watafsiri hawakungoja kampuni yoyote iamue kama Kiswahili kina faida sokoni. Kode ilikuwa wazi, wakaifanya kazi.

Leo Linux iko karibu kila mahali bila kuonekana. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, ijapokuwa programu za Google zilizo juu yake si huru. Tangu Novemba 2017, ordinateri 500 zenye nguvu zaidi duniani zote zinatumia Linux. Hata Microsoft, ambayo mkubwa wake Steve Ballmer alifananisha Linux na kansa mwaka 2001, iliingia katika Linux Foundation mwaka 2016.

Kila upande unasema nini

Wenye kutetea programu za kampuni wanasema kwamba kazi nzuri inaomba mshahara, na kwamba mteja anayelipa anajua nani wa kuuliza kitu kikiharibika. Wanaonyesha pia kwamba mafundi wengi walijifunza Windows, kwamba printa na scanner zinauzwa na programu za Windows, na kwamba programu za hesabu kama Sage, ambazo ofisi nyingi zinatumia, zilitengenezwa kwa Windows.

Wenye kutetea programu huru wanajibu kwamba mtu asiyeweza kuona ndani ya programu anakuwa mtumwa wa mwenye nayo. Kampuni ikiamua kuacha Windows 10, mamilioni ya mashini nzima zinahesabiwa kuwa nzee. Kampuni ikipandisha bei, mteja ambaye maandishi yake yote yako katika umbo la kampuni hiyo hana pa kukimbilia. Wanaongeza jambo la bei: nchini Marekani Windows 11 Home inauzwa dola 139 kwa mashini moja. Somo lenye mashini kumi lifanye hesabu yake.

Usalama: kila upande ulikwisha kuumia

Wamoja wanasema Linux haina virusi kamwe. Si kweli kabisa. Virusi vingi vya kwenye fulashi vinavyogeuza folder kuwa shortcut viliandikwa kwa Windows, kwa hiyo havifanyi kazi kwenye Linux. Lakini Linux ikiwekwa vibaya inaweza kuingiliwa pia.

Mwezi Mei 2017, kirusi WannaCry kiliingia katika mashini za Windows za nchi karibu 150, kikafunga nakala za watu na kuomba feza. Huko Uingereza hospitali zilisimamisha sehemu ya kazi zao. Microsoft ilikuwa ilikwisha kutuma dawa mwezi Machi. Waliopatwa ni wale ambao hawakusasisha mashini zao. Hilo linagusa moja kwa moja wenye Windows iliyokrakiwa, ambao mara nyingi wanazima masasisho kwa kuogopa kugunduliwa ao kwa kuchunga mega.

Upande wa programu huru, mwaka 2014 liligunduliwa tundu Heartbleed katika OpenSSL, programu yenye kulinda siri za site nyingi za intaneti. Lilikaa miaka miwili kode ikiwa wazi, bila mtu kuliona. Mwaka 2024 mtu moja aliingiza kwa ujanja mlango wa siri katika programu huru inayoitwa xz. Ilivumbuliwa na Andres Freund, fundi wa Microsoft, ambaye alishangaa tu kwa nini mashini yake inachelewa nusu sekunde. Aliweza kufuata mambo mpaka mwisho sababu kode ilikuwa wazi. Somo ni hili: mlango ulio wazi kwa macho ya wote unasaidia, lakini bado inaomba mtu wa kuangalia.

Waliojaribu: Munich na jandarmeri ya Ufaransa

Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuacha Windows. Kufika 2013, karibu ordinateri 15 000 za ofisi za mji zilikuwa zinatumia Linux. Lakini wafanyakazi walilalamika kuhusu nakala zenye kuharibika wakati wa kubadilishana na ofisi zingine, na mwaka 2017 baraza la mji likapiga kura ya kurudi Windows. Watetezi wa Linux walisema kosa halikuwa la mfumo, bali la mpangilio wa huduma za ordinateri katika mji.

Jandarmeri ya Ufaransa ilifanya polepole. Mwaka 2005 ilianza na programu za ofisi peke yake, ikaacha Windows ilivyo. Watu walipozoea, ndipo tangu 2008 ikaanza kuweka Ubuntu. Leo makumi ya maelfu ya mashini zake zinaendeshwa hivyo. Tofauti ya mifano hiyo miwili iko zaidi kwenye mwendo kuliko kwenye programu.

Na hapa mashariki?

Programu huru zilikwisha kuingia kazini bila kelele. Wizara ya afya ya Kongo inakusanya hesabu za zone za afya kwa DHIS2, programu huru iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Vijana wanaofanya uchunguzi kwa ajili ya mashirika ya msaada wanajua KoboToolbox kwenye simu; nayo ni programu huru.

Kwa mwenye mashini nzee, faida ya kwanza ni uzito. Linux Mint inaanza kufanya kazi na giga 2 za memoire, ingawa 4 ni vema zaidi. Windows 11 inaomba 4 kwa uchache, pamoja na processeur ya miaka ya karibuni. Faida ya pili ni kugawana: mtu moja anaweza kudownload nakala ya giga karibu 3, kuiweka kwenye fulashi, na kuwapa watu mia. Mahali ambapo mega ni ghali, ruhusa hiyo ina maana kubwa, na hakuna sheria inayovunjwa.

Magumu nayo yapo. Mafundi wenye kujua Linux ni wachache katika miji, na katika tarafa za mbali ni wachache zaidi. Printa zingine zinakataa. Barua iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa katika LibreOffice inaweza kusogeza jedwali, na kwa sekretaria publiki inayochapa TFC za wanafunzi, jedwali lililosogea ni mteja aliyepotea. Masasisho ya Linux pia yanaomba intaneti.

Kabla ya kubadili

Mtu anayetaka kujaribu hapashwi kufuta kitu siku ya kwanza. Njia salama ni hii:

1. Kuweka nakala ya kazi zote kwenye disque ya inje, na kuifungua kwenye mashini ingine kuhakikisha inasoma.
2. Kubaki kwanza na Windows, lakini kutumia LibreOffice na VLC kwa mwezi moja ao miwili.
3. Kuwasha Linux moja kwa moja kutoka kwenye fulashi, bila kuiweka ndani ya mashini, na kujaribu printa, wifi, sauti na modem.
4. Kuandika orodha ya programu ambazo kazi haiwezi kuendelea bila hizo. Kama moja inaomba Windows tu, mashini hiyo ibaki na Windows.
5. Kuchukua Linux kwenye site ya wenyewe ao kwa mtu wa kuaminiwa, si kwenye fulashi isiyojulikana ilitoka wapi.
6. Kwa somo ao shirika: kuanza na mashini moja, na kufundisha watu wawili, sababu fundi akihama, ujuzi usihame naye.

Anayebaki na Windows naye ana kazi: kusasisha, kuchunguza kila fulashi mbele ya kuifungua, na kuacha programu zilizokrakiwa hasa kwenye mashini yenye majina ya wagonjwa, ya wanafunzi ao hesabu za wanamemba. Majina hayo yakipotea ao yakiangukia mikononi mwa mtu mwingine, hakuna fundi wa kuyarudisha.