Ghasia Zinazoingiliana Shinyanga na Geita: Hoja ya Kuzitaja Kila Moja kwa Jina Lake

1.0 Utangulizi

Tangu miaka ya 1970, eneo linaloanzia machimbo ya almasi ya Mwadui hadi migodi ya dhahabu ya Kahama na Geita limepitia ghasia za aina nne. Upo wizi wa mifugo kwa silaha na hatua za sungusungu dhidi yake. Yapo mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi, yapo mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, na yapo mapambano kati ya wachimbaji wadogo na walinzi wa migodi mikubwa. Katika hotuba, magazeti na hata baadhi ya tafiti, yote haya hukusanywa chini ya jina moja: mauaji ya Kanda ya Ziwa, au mauaji ya imani za kishirikina. Makala hii inadai kwamba jina hilo la jumla humficha mhusika halisi, na kwamba hatua zinazochukuliwa kwa kulifuata huishia kuwaumiza wasiohusika.

2.0 Je, hivi ni vita?

Sheria ya kimataifa ina kipimo chake. Ibara ya 3 iliyomo katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 inahusu mapigano ya silaha ndani ya nchi moja, na Itifaki ya Pili ya 1977 inaondoa wazi machafuko na matukio ya ghasia ya hapa na pale. Mwaka 1995, katika shauri la Tadić, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani ilieleza kuwa vita vya ndani huwapo pale panapokuwa na mapigano ya muda mrefu kati ya serikali na makundi yenye silaha yaliyojipanga, au baina ya makundi hayo yenyewe. Kwa kipimo hicho, Shinyanga na Geita hazijawahi kuwa na vita.

Hata hivyo, sheria hiyo inatufundisha namna ya kutofautisha. Mfano wa karibu ni Ituri, mashariki mwa Kongo. Majaji wa awali wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), katika kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wanamgambo wa huko, waliona mwaka 2007 kuwa uvamizi wa Uganda uliyafanya mapigano ya kipindi fulani kuwa ya kimataifa. Hukumu ya Machi 2012 ilibadilisha msimamo huo. Ilikubali kwamba migogoro kadhaa inaweza kuendelea mahali pamoja kwa wakati mmoja, lakini ikaona kuwa mapigano ya kundi la Lubanga dhidi ya wanamgambo wengine yalikuwa vita vya ndani. Majaji hawakutosheka na kuuliza mapigano yalitokea wapi. Waliuliza nani alipigana na nani. Swali hilo linafaa pia pasipo na vita, nasi tuliongezee mengine mawili: nani anafaidika, na dola imesimama upande gani?

3.0 Kundi moja, ghasia mbili

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukaongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Kahama na jirani zake viliunda sungusungu, wenye viongozi wao, viapo, filimbi na mishale. Rais Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria ya mgambo yaliwapa mamlaka ya kukamata wahalifu. Watafiti kama Ray Abrahams na Sufian Bukurura wamewaeleza kuwa jibu la wanavijiji kwa dola iliyoshindwa kuwalinda.

Lakini sungusungu haohao waliwaandama pia watu waliotuhumiwa uchawi, wengi wao wanawake, na kuwatenga au kuwafukuza vijijini. Kwa mwizi wa mifugo walikuwa walinzi. Kwa bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni walikuwa tishio. Anayeziainisha ghasia kwa kutazama kundi lililozitenda ataziita zote ulinzi wa jadi au zote uonevu, na kwa vyovyote atakosea nusu.

4.0 Mganga mmoja, minyororo miwili

Kosa kubwa zaidi ni kuunganisha mauaji ya vikongwe na yale ya watu wenye ualbino kwa sababu tu mganga yumo katika yote mawili. Kazi yake si ile ile. Katika mauaji ya vikongwe, mpiga ramli chonganishi humtaja adui: mama huyu ndiye aliyeua mtoto wako. Mlengwa huuawa kwa kuogopwa, mara nyingi na jamaa zake au na wakata mapanga waliokodiwa, na nyuma ya hofu hiyo huweza kuwapo ugomvi wa shamba au urithi. Utafiti wa Edward Miguel wilayani Meatu, iliyokuwa wakati huo katika mkoa wa Shinyanga, ulionyesha kuwa katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji haya yalifikia maradufu. Njaa ilipobisha hodi, kikongwe alionekana mzigo.

Kwa mtu mwenye ualbino, mganga hutaja bidhaa. Mlengwa hatuhumiwi kosa lolote; anawindwa kwa sababu viungo vyake vimewekewa bei. Deborah Bryceson na wenzake, katika makala yao ya 2010, walihusisha mauaji haya na wachimbaji wadogo wanaotafuta bahati ya dhahabu kwa waganga. Hapa pana mnunuzi, dalali na muuaji wa kukodiwa, na mnyororo huo huvuka wilaya. Mauaji ya kwanza huzaliwa ndani ya ukoo, haya huzaliwa sokoni. Mpelelezi anayeanzia kwa majirani katika kesi ya pili humwacha mnunuzi akiwa salama.

5.0 Ghasia za mgodini

Aina ya nne haihusiani na ramli hata kidogo. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, Kahama, kupisha kampuni iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Kanada. Madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni, na mjadala wake uliendelea kwa miaka mingi. Huko Mwadui, mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds ilifikia maafikiano na watu waliodai kuumizwa na walinzi wa mgodi. Katika ghasia hizi dola si mwamuzi wa pembeni. Ndiyo inayotoa leseni, na polisi wake hulinda uzio. Mchimbaji mdogo anayetajwa katika mnyororo wa ualbino kama mteja, hapa anaweza kuwa mhanga. Kumwita mchimbaji mhalifu kwa jumla ni kumnyima haki katika shauri lisilohusiana na uganga.

6.0 Gharama ya jina la jumla

Historia ya eneo hili inaonyesha gharama hiyo. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliendesha operesheni dhidi ya mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Washukiwa walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa maofisa. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kuwajibika, ingawa hakutenda yeye. Yaliyohitaji upelelezi wa kesi moja moja yalishughulikiwa kama uasi wa eneo zima. Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi wote. Mwenye dawa ya tumbo aliadhibiwa pamoja na mpiga ramli, huku mnunuzi wa viungo, ambaye hakuwahi kuhitaji leseni, akibaki sokoni. Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino wa miaka 14. Kesi iliyochunguzwa kwa jina lake halisi ilifanya ambacho amri ya jumla haikuweza.

7.0 Hitimisho

Yanayoingiliana si lazima yawe kitu kimoja. Kikongwe anahitaji ulinzi wa urithi wake na akiba ya chakula mwaka wa ukame. Mtu mwenye ualbino anahitaji upelelezi unaomfikia mnunuzi. Mfugaji anahitaji sungusungu wanaowajibika mbele ya sheria, na mchimbaji mdogo anahitaji eneo la kuchimba na mahakama isiyoogopa mgodi. Kwa hiyo polisi, mahakama na watafiti waache kuandika "imani za kishirikina" kama sababu ya kifo katika takwimu zao. Waandike nani aliua, nani alilipa, na nani alifaidika.