Ulevi Kwenye Usukani: Sheria ya Uingereza Ilivyofikia Kipimo

Kosa la kuendesha chombo kwa ulevi lilikuwemo katika sheria za Uingereza kabla ya magari kuenea barabarani. Sheria ya vileo ya mwaka 1872 ilimkataza mlevi kusimamia farasi, ng'ombe, gari la kukokotwa au injini ya mvuke barabarani. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 40 au kifungo cha mwezi mmoja. Tarehe 10 Septemba 1897, George Smith, dereva wa teksi ya umeme jijini London, aligonga jengo katika mtaa wa New Bond Street. Alikiri kuwa amelewa, akatozwa faini, na kesi ikaishia hapo. Leseni za udereva wa magari hazikuanza hadi mwaka 1903.

Mwaka 1925 Bunge liliyataja magari ya injini waziwazi. Aliyetiwa hatiani aliweza kutozwa hadi pauni 50, kufungwa miezi minne, au vyote viwili, na akazuiwa kuendesha kwa miezi 12. Kwa maandishi adhabu hizo zilitosha. Shida ilikuwa ushahidi. Mtuhumiwa alipelekwa kituoni, daktari akaitwa. Daktari alimnusa pumzi, akamtazama macho, akamtembeza juu ya mstari uliochorwa sakafuni, akamwambia aokote sarafu au atamke maneno yanayotatiza ulimi. Aliyezoea pombe alipita majaribio hayo akiwa amelewa chakari, na mgonjwa au mwoga akayashindwa bila kugusa glasi. Kesi ilipofika mbele ya jopo la raia, wengi wao walikuwa madereva na wanywaji vilevile, nao waliona huruma. Watu waliostahili adhabu waliachiwa huru, huku familia za waliogongwa zikirudi nyumbani mikono mitupu.

Njia ya kutoka ilionekana kwanza Norway, iliyoweka mwaka 1936 kiwango maalumu cha pombe katika damu. Dereva akikipita, ana hatia hata kama anatembea wima. Uingereza ilisubiri miaka 31. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1967 iliweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Waziri wa Uchukuzi, Barbara Castle, aliisimamia kwa ukakamavu ingawa yeye mwenyewe hakuwa na leseni ya udereva, na wenye baa walimshambulia vikali. Pendekezo la kumpima dereva yeyote bila sababu liliondolewa. Askari alihitaji kwanza kushuku ulevi, kuona kosa la barabarani, au kukuta ajali.

Kuanzia tarehe 9 Oktoba 1967 askari walibeba mrija wa kioo wenye chembechembe za manjano na mfuko wa kupulizia. Dereva alijaza mfuko kwa pumzi yake; kijani kikivuka alama kwenye mrija, alikamatwa na kupimwa damu au mkojo kituoni. Kukataa bila sababu ya msingi kulikuwa kosa. Vifo vya barabarani, vilivyokaribia 8,000 mwaka 1966, vilishuka chini ya 7,000 mwaka 1968. Hakuna hoja ya wenye baa inayoweza kuwekwa kando ya tofauti hiyo.

Mawakili walitafuta mianya. Kesi zilifutwa kwa sababu upande wa mashtaka haukuthibitisha kuwa kifaa kimeidhinishwa rasmi, na wapo waliodai kuwa walikunywa baada ya kufika nyumbani. Mianya mingi ilizibwa na mageuzi yaliyoanza kutumika mwaka 1983, pamoja na mashine za kituoni zilizokubali pumzi kuwa ushahidi kamili: mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi.

Vipimo hivyo vilifika Afrika Mashariki pia. Tanzania ilitumia miligramu 80 katika sheria yake ya barabarani ya 1973, na kanuni za Kenya za 2011 zilichukua 80 kwa damu na 35 kwa pumzi.

Waliofiwa walisubiri zaidi. Mwaka 1991 Uingereza iliunda kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha ovyo ukiwa umelewa, lenye kifungo cha juu cha miaka mitano. Kifungo hicho kilipanda hadi miaka 10, kisha 14, na tangu 2022 mahakama za England na Wales zinaweza kutoa kifungo cha maisha.